Daktari akiandika "sikio" tu: namna ya kuweka msimbo

Saa nane mchana, mezani kuna rundo la faili, na daktari kaandika "sikio". Basi. Wenzangu wa madirisha ya bima hapa Dar mnajua ninachosema.

Kazi yetu ni kuweka msimbo, yaani kugeuza maneno ya daktari kuwa herufi na namba za ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ili bima ilipe. Nilipoanza kazi hii nilikuwa najaza tu. Akaja kijana bondia kutoka Manzese, sikio limevimba kama andazi, damu imevilia chini ya ngozi. Nikampa H61.1, kundi la matatizo yasiyo ya maambukizi ya sikio lenyewe, lile unaloweza kulishika na kulivuta. Fomu ikarudi. Kosa lilikuwa langu: damu hiyo ilitokana na ngumi, kwa hiyo ni jeraha, S00.4. Angerudi baada ya miezi sikio likiwa limekunjamana moja kwa moja, ingekuwa M95.1, ambayo nayo haimo ndani ya H61.1. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua kitabu natafuta kwanza neno moja kwenye maelezo: lilianzaje?

Halafu angalia dalili za maambukizi. Ukikuta usaha kwenye tundu, toka H61, nenda H60, kundi la uvimbe wa sikio la nje na tundu lake. Ila usikimbie haraka, maana H60.5 ni ya tundu lililovimba ghafla bila vijidudu. Dada katoka saluni Kariakoo, dawa ya nywele imemwingia sikioni, panawasha na pamekuwa pekundu: huyo ni wa H60.5, na daktari aitaje hiyo dawa.

Kovu lililofura kwenye ndewe baada ya kutoga halikai kwenye masikio kabisa. Liko kwenye ngozi, L91.0.

Nta iliyoziba ni H61.2, na ndiyo inayojaza faili zangu. Hapa hakikisha imeandikwa kwamba daktari alichungulia akaona tundu limeziba, na kama nta iliondolewa kwa kuoshwa au kwa kifaa. Bila mstari huo, hela ya kusafisha utaiteteaje? Kilichotoka kikiwa kipande cha pamba ya kijiti, ni T16, msimbo wa kitu kigeni sikioni.

H61.9, yaani tatizo la sikio la nje lisilotajwa, ni ya kutumia mwisho kabisa. Ukijikuta unaiandika kila siku, tatizo liko kwenye maelezo unayoletewa.

Upande wa sikio nao uandikwe. Msimbo wa ICD-10 wa Shirika la Afya Duniani hauonyeshi upande. Wa toleo la Marekani, ICD-10-CM, unaonyesha: nta ya kulia H61.21, kushoto H61.22, yote mawili H61.23. Hata kama mfumo wenu hauulizi, anayekagua faili atauliza.

Mimi nanyanyua simu.

"Dokta, samahani, yule mama wa asubuhi, sikio gani?"

"La kushoto, dada. Jaza tu."

Sijazi. Nampelekea faili aandike mwenyewe na kusaini, hata kama nitamngoja mlangoni mpaka amalize chai.