Ndoo moja, chupa mbili: ninavyofundisha uhaba wa maji na gesijoto

Walimu wenzangu, nafundisha Jiografia huku Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Mtoto wa darasa la sita hapa anaujua uzito wa dumu la maji kuliko uzito wa begi lake la shule. Kwa hiyo sianzi na ramani ya dunia, naanza na ndoo.

Hatua ya 1: Ndoo

Andaa ndoo ya lita 20, chupa tupu ya nusu lita, na bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa. Ndoo ikijaa, hayo ndiyo maji yote ya dunia. Mwanafunzi mmoja ajaze ile chupa: hayo ndiyo maji baridi, yasiyo na chumvi, takriban asilimia 2.5 ya yote. Lita 19 na nusu zilizobaki ni za chumvi.

Mwaka wa kwanza nilitia chumvi kweli ndani ya ndoo ili wasadiki. Darasa likanyamaza. Binti aliyeyabeba maji yale kichwani toka bombani akabaki anaitazama ndoo. Sijarudia tena. Sema kwa mdomo, watakuelewa.

Sasa ipunguze ile chupa. Mililita 345 hivi ni barafu ya ncha za dunia na milimani, 150 ni maji ya chini ya ardhi. Kinachobaki ni kijiko kimoja cha chai, na ndani yake maziwa na mito ni kama mililita 1.5 tu. Vuta kiasi hicho kwa bomba la sindano, kipite dawati kwa dawati. Mito yote ya dunia, Ruvuma wetu ukiwemo, haifiki tone moja.

Hatua ya 2: Chupa mbili juani

Kata shingo za chupa mbili za plastiki zinazolingana. Kila moja weka udongo mweusi mkavu na kipimajoto, ukikinga ncha yake kwa kipande cha karatasi ngumu isipigwe na jua moja kwa moja. Moja ifunike kwa nailoni nyeupe inayoonyesha, nyingine iache wazi. Anza saa nne asubuhi, wasome kila dakika 5 hadi zitimie 20. Iliyofunikwa itapanda zaidi.

Usiishie hapo, maana hapa ndipo tunapowapotosha watoto. Nailoni inazuia hewa yenye joto isitoke. Gesijoto, yaani gesi za hewani zinazotunza joto la dunia, hazifanyi hivyo. Mwanga wa jua unazipita, ardhi inapata joto na kulirudisha juu kama mionzi isiyoonekana, na mvuke wa maji, hewa ukaa na methani huinyonya na kurudisha sehemu yake chini. Mwanasayansi John Tyndall alilipima jambo hili maabara mwaka 1859. Bila gesi hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 hivi. Tatizo ni nyongeza: hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda, leo imepita 420. Na tundu la ozoni, yaani kupungua kwa tabaka la hewa linalochuja miale mikali ya jua, ni somo jingine kabisa. Mwanafunzi akilichanganya na gesijoto, mrekebishe palepale.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Mwanafunzi atauliza: "Mwalimu, kwa hiyo maji yanaisha?" Hapana. Ndoo ni ileile. Kinachobadilika ni maji yako wapi, yanafika lini, na kwa kishindo gani. Kila nyuzi 1 ikiongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Shamba hukauka upesi, na mvua ikija huja kwa fujo. Wanakumbuka Kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilipokatika. Lakini usiwaambie kimbunga kimoja ni ushahidi.

Wala usiitwike gesijoto shida yetu yote. Uwanda huu una udongo unaopitisha maji: mvua inazama, chemchemi zinatokea mabondeni, na vijiji viko juu. Mabibi zetu walishuka na kupanda kufuata maji kabla hewa ukaa haijafika ilipo leo.

Hatua ya 4: Kazi ya nyumbani

Kila mmoja awaulize wazee watatu, si mmoja, maana kumbukumbu hutofautiana: mvua za kupandia zilikuwa zinaanza mwezi gani walipokuwa vijana? Majibu yaandikwe kwenye daftari, na pembeni yake tarehe ya mvua ya kwanza ya mwaka huu. Maji ya ndoo yapelekwe kwenye miche ya mikorosho.