Chaneli ya Mji Wako Ikizimwa: Jinsi ya Kuwasilisha Malalamiko FCC na Kudai Fedha Yako

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, zilizoko Louisville, Columbus, Dallas na kwingineko, ambazo siku moja huwasha televisheni na, badala ya taarifa ya habari ya mji wao, hukuta tangazo kwamba kituo hicho hakipatikani kwa sababu mwenye kituo na kampuni ya kebo au ya dishi hawajakubaliana bei. Kituo chenyewe huwa hakijafungwa. Kinaendelea kurusha matangazo hewani kama kawaida, na kilichokatika ni ile njia ya kulipia tu, ingawa bili inaendelea kuja kamili.

Mgogoro wa namna hii una chanzo chake katika sheria ya mwaka 1992, ambayo hukipa kila kituo cha biashara nafasi ya kuchagua, kila baada ya miaka mitatu, kati ya mambo mawili: kuilazimisha kampuni ya kebo ikibebe bila kulipwa, au kuitaka kampuni hiyo iombe ridhaa na kulipa ada kwa kila mteja kwa mwezi. Vituo vikubwa vinavyorusha ABC, CBS, NBC na Fox kwa kawaida huchagua malipo, kwa kuwa vinajua kwamba wateja hawatavumilia kukosa mpira na habari. Mkataba unapoisha bila makubaliano mapya, kampuni ya kebo au ya dishi haina ruhusa ya kuendelea kukirusha kituo hata kwa saa moja. Wasomaji waliokuwa Tanzania mwaka 2018 watakumbuka chaneli za bure zilivyoondolewa kwenye baadhi ya visimbuzi vya kulipia, lakini kule ilikuwa ni amri ya mamlaka ya mawasiliano, ilhali huku Marekani ni kampuni mbili zinazovutana bei huku mteja akiwa katikati.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wake. Tarehe 30 Novemba 2023, vituo zaidi ya 60 vya kampuni ya Tegna viliondolewa kwa wateja wa kampuni ya dishi ya DirecTV, vikiwemo WHAS 11 cha Louisville na WBNS 10 cha Columbus, na havikurudi hadi katikati ya Januari 2024. Krismasi na Mwaka Mpya vilipita wateja wakiwa wanalipa na hawaoni.

Kabla hujaandika chochote, elewa jambo moja ambalo wengi hulikosea na hivyo kupoteza malalamiko yao: FCC, yaani tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano, haina mamlaka ya kuamuru chaneli irudishwe. Sheria inazitaka pande mbili zijadiliane kwa nia njema, lakini madai kwamba upande mmoja umekiuka nia njema hupelekwa na kituo au kampuni yenyewe, wala si na mtazamaji. Ukiandika "naomba mturudishie chaneli yetu", utajibiwa kwa adabu na hakuna kitakachobadilika. Andika kuhusu yale ambayo kampuni inaweza kulazimika kuyajibu: fedha uliyotozwa kwa huduma usiyoipata, taarifa ambayo hukupewa, na faini unayotishiwa ukitaka kuvunja mkataba.

Anza na bili. Chukua ya mwezi uliotangulia na ya mwezi ambao chaneli imezimwa, uziweke pamoja, kisha utafute mstari ambao kampuni nyingi za kebo huuandika Broadcast TV Fee au maneno yanayofanana na hayo. Mstari huo ndio silaha yako kubwa, kwa sababu kampuni yenyewe imeandika kwamba inakutoza ili ilipie vituo vya mji wako. Ikiwa kituo kimojawapo hakipo na ada haijapungua hata senti, una hoja ambayo haihitaji maelezo marefu. Andika pembeni kiasi cha ada hiyo, namba ya akaunti yako, jina na namba ya chaneli iliyozimwa, na tarehe iliyozimwa. Piga picha ya tangazo linaloonekana kwenye televisheni. Pia pitia barua pepe na bili za nyuma uone kama ulipewa taarifa, kwa kuwa kampuni za kebo zina wajibu wa kuwaarifu wateja wao kuhusu mabadiliko ya chaneli, na pale mazungumzo yanapovunjika dakika za mwisho, zinatakiwa kufanya hivyo mapema iwezekanavyo.

Hatua inayofuata ni kuidai kampuni moja kwa moja, kwani FCC yenyewe hushauri mteja azungumze kwanza na kampuni yake. Piga simu au tumia sehemu ya mazungumzo kwenye tovuti yao. Mimi napendelea maandishi, kwa sababu yanabaki kuwa ushahidi na yanampa nafasi mtu ambaye Kiingereza chake cha simu hakijakaa sawa. Omba mambo mawili kwa uwazi: upunguziwe bili kwa siku zote ambazo chaneli haikuwepo, na uthibitishiwe kwa maandishi kama unaweza kuondoka bila faini. Mara nyingi punguzo hupewa anayeliomba, na anayenyamaza hapewi. Andika jina la mhudumu, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya mazungumzo hayo. Ukikubaliwa, subiri bili inayofuata uone kama ahadi imetimizwa, na usiache kulipa bili kwa hasira, maana deni likipelekwa kwa wakusanya madeni litaharibu rekodi yako ya mikopo, na hilo litakusumbua kwa muda mrefu kuliko chaneli iliyopotea.

Ukikataliwa, au ukipewa majibu ya kuzungushwa, ndipo unapokwenda FCC. Malalamiko ya kawaida hayalipiwi na hayahitaji wakili. Fungua consumercomplaints.fcc.gov, chagua sehemu ya televisheni, kisha ujaze fomu: barua pepe, jina, anwani yenye namba ya posta, simu, jina la kampuni, na aina ya huduma, kama ni kebo au dishi. Unapotakiwa kuchagua aina ya tatizo, chagua linalohusu bili ikiwa dai lako ni fedha, kwa kuwa ukichagua upatikanaji wa chaneli peke yake utakuwa umelipeleka suala mahali ambapo FCC haina nguvu. Asiyetumia intaneti anaweza kupiga simu 1-888-225-5322, au kutuma barua kwa Federal Communications Commission, Consumer and Governmental Affairs Bureau, 45 L Street NE, Washington, DC 20554. Mtoto au jirani anaweza kumjazia mzazi ambaye hasomi Kiingereza. Aeleze tu kwenye maelezo kwamba anajaza kwa niaba yake, na jina la akaunti libaki la mwenye bili.

Sehemu ya maelezo ndiyo inayostahili muda wako. Iwe fupi, iwe na tarehe, na imalizie kwa ombi. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi, nawe utaiweka kwa Kiingereza:

"Mimi ni mteja wa kampuni hii kwa akaunti namba fulani. Tangu tarehe fulani, chaneli ya mji wangu, yenye namba fulani, imeondolewa. Kampuni inaendelea kunitoza ada ya vituo vya mji kiasi fulani kwa mwezi bila kupunguza. Tarehe fulani niliwaandikia nikiomba nipunguziwe, wakakataa. Nakala ya mazungumzo nimeiambatanisha. Naomba nirudishiwe sehemu ya ada hiyo kwa siku zote ambazo chaneli haikuwepo, na nithibitishiwe kwa maandishi kwamba naweza kuvunja mkataba bila faini."

Usiwatukane, na usieleze mgogoro wa kampuni mbili ulivyoanza. Anayesoma anaujua kuliko wewe. Ambatanisha bili zote mbili, picha ya tangazo, na mazungumzo. Ukishatuma utapewa namba ya malalamiko, ambayo utaitumia kila unapoulizia.

FCC huyapeleka malalamiko kwa kampuni, nayo hupewa siku 30 za kujibu kwa maandishi, jibu likienda kwa FCC na kwako pia. Katika muda huo unaweza kupigiwa simu na mtu wa ngazi ya juu kuliko wale uliozungumza nao mwanzo, na hapo wengi ndipo hupata walichonyimwa. Akikuahidi jambo, mwambie akuandikie. Jibu likija halijagusa swali lako, ijibu ile barua pepe ya FCC mapema, ukitaja namba ya malalamiko na hoja iliyorukwa. Ipo pia njia ya malalamiko rasmi, lakini hiyo ina ada yake na huendeshwa kama kesi mahakamani. Kwa dai la dola chache za bili simshauri mtu aifuate. Vilevile usijenge dai lako juu ya habari kwamba kampuni zinalazimika kurudisha fedha kila chaneli inapozimwa: Januari 2024 FCC ilitoa pendekezo la kanuni ya aina hiyo, na pendekezo si kanuni.

Ziko ofisi nyingine mbili zinazofaa. Mteja wa kebo anaweza kuandika kwa mamlaka ya mji, kaunti au jimbo iliyoipa kampuni kibali cha kupitisha nyaya zake. Jina na anwani yake aghalabu huwa kwenye bili. Mteja wa dishi hana mamlaka hiyo, hivyo apeleke suala la bili na faini kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lake, kitengo cha kuwalinda walaji.

Huduma zinazopita kwenye intaneti pekee, kama YouTube TV, haziko chini ya kanuni hizi za kebo na dishi, hivyo dai lako litategemea zaidi masharti ya kampuni na sheria za jimbo. Hata hivyo kudai kunafaa: mwaka 2025, chaneli za Disney zilipoondoka YouTube TV, wateja walipewa punguzo la dola 20. Faida nyingine ni kwamba huduma hizo kwa kawaida hazina mkataba mrefu, na unaweza kujitoa mwezi wowote.

Wakati malalamiko yanasubiri, nyumba isikae bila chaneli za mji, hasa katika majimbo yenye vimbunga vya ghafla, ambako kituo cha mji ndicho kinachotaja mtaa kwa mtaa nani aingie kwenye chumba cha chini na lini. Simu hutoa tahadhari, ndiyo, lakini bibi asiyesoma ujumbe wa Kiingereza huielewa ramani ya mtabiri wa hali ya hewa mara tu anapoiona. Vituo hivi hupatikana bure kwa antena. Ingiza anwani yako kwenye ramani ya mapokezi ya televisheni iliyoko tovuti ya FCC, uone ni vituo vipi vina nguvu mtaani kwako. Kama ni vya karibu, antena ndogo ya ndani iliyowekwa dirishani inaweza kutosha. Iunganishe kwenye tundu la antena nyuma ya televisheni, kisha uiamuru televisheni itafute chaneli. Mwenye nyumba akikuambia ni marufuku kuweka antena, fahamu kwamba kanuni ya FCC humlinda hata mpangaji, mradi antena iwe kwenye sehemu anayoitumia yeye peke yake, kama roshani yake, na isiwe kwenye paa au ukuta wa nje unaotumiwa na wote. Na ukiamua kuondoka kabisa kwenye kebo, rudisha kisimbuzi chao mwenyewe na uidai risiti yenye namba ya kifaa, kwa maana bila hiyo wanaweza kukutoza bei yake.