Nani Apite Kwanza Kwenye Kipilefti

Nchini Tanzania, ambako magari hupita upande wa kushoto, dereva anayekaribia mzunguko, ambao wengi wetu tunauita kipilefti, anapaswa kupunguza mwendo na kuyapisha magari yanayotoka kulia kwake ambayo tayari yamo ndani, hata kama yeye anatoka kwenye barabara kubwa zaidi. Ukikusudia kutokea upande wa kulia, ingia kwa njia ya ndani huku ukiwa umewasha taa ya kulia, kisha washa ya kushoto mara tu unapoipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako. Hapa ndipo wengi hukosea. Askari wa usalama barabarani akiwapo, fuata ishara zake, hata kama taa za kuongozea magari zinaonyesha vinginevyo.