North au north? Herufi kubwa za Kiingereza hatua kwa hatua

Kwenye kuhariri Kiingereza cha watu, kitu ninachokutana nacho karibu kila siku ni north, south, east na west, wengine wanaziandika zote kwa herufi kubwa kama vile ni majina ya watu, wengine wanabahatisha tu. Fanya hivi.

Hatua ya 1. Jiulize: hapa ni upande au ni jina? Kama ni upande, herufi ndogo, hamna mjadala. "Drive north", "the wind is from the east", "the south side of the house". Northward na southbound pia ndogo. Vifupisho kama NW na SE ndo vinabaki vikubwa.

Hatua ya 2. Kama ni sehemu ya jina rasmi, kubwa: North Korea, West Virginia, North Pole. Hapa usiharakishe maana herufi chache tu zinaweza kumhamisha msomaji nchi. South Sudan ni nchi iliyopata uhuru 2011, mji mkuu Juba, ila ukiandika southern Sudan leo unaongelea kusini ya ile Sudan ya Khartoum. Northern Ireland ni sehemu ya Uingereza, lakini northern Ireland kwa herufi ndogo inabeba hadi Donegal, ambayo iko Jamhuri ya Ireland na ndiyo yenye ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa chote! Na East Germany iliisha 1990, kwahiyo mtu anayeishi Leipzig sasa hivi yuko eastern Germany.

Hatua ya 3, ambayo ndo inasumbua. Kuna maeneo hayana mpaka rasmi ila watu wameshayapa jina: the Middle East, the Midwest ya Marekani, Southeast Asia, the West ya kisiasa. Kubwa zote. Wengi wanafundishwa eti ukiona "the" weka kubwa, mimi siikubali hiyo, mbona "the south of France" ni ndogo? Angalia hivi: "She grew up in the South", Mmarekani anajua ni wapi (majimbo ya kusini ya Marekani) bila kuongezewa neno, bas ni jina. Ukilazimika kuongeza "of France" ndo msomaji aelewe, huo ni upande tu.

Watu wa huko South sasa, hapo hata miongozo ya uandishi ya Marekani imegombana, AP (ya wanahabari) wanaandika Southerner, Chicago (ya wachapishaji vitabu) kwa miaka mingi walitaka southerner isipokuwa unaongelea enzi za vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861–1865. Chagua mwongozo mmoja usiuache katikati ya makala.

Hatua ya 4, haraka haraka: siku na miezi kubwa, majira kama summer na winter ndogo. Masomo kama biology ndogo, lugha kama French kubwa. President Lincoln, ila "the president" peke yake ndogo. "I called Mom" kubwa, "my mom" ndogo. Ukisita weka Mary pale, "I called Mary" inakaa vizuri, "I called my Mary" inagoma.

Hatua ya 5. Ukimaliza kuandika bonyeza Ctrl na F, tafuta north, south, east, west moja moja usome sentensi nzima. Ile ya kubadilisha zote kwa mpigo usiiguse, itakugeuzia hadi "drive north".