Somo: Kuchagua friji ya boti ya matanga (soma kabla hujauliza "ninunue ipi?")

Swali ni lile lile kila mara: "Mkuu, boti yangu futi 30, friji gani nzuri?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Mashine ya kupoza ndiyo kitu cha mwisho kununua. Sanduku la kuwekea chakula kwanza, umeme wa pili.

Hatua ya 1. Jiulize kama unaihitaji. Safari ya siku mbili, barafu inatosha.

Hatua ya 2. Pima sanduku. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo vumilia maneno mengi. Nilinunua mashine nzuri, nikaifunga kwenye sanduku lililokuja na boti. Usiku wa kwanza kompresa (pampu ya hiyo mashine) ilinguruma bila kupumzika. Asubuhi ya tatu betri zilikuwa zimekufa na nyama imeanza kunuka. Nikalaumu mashine, nikalaumu betri, mwisho nikatoboa ukuta wa sanduku kwa drili. Maji yakanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Povu lote la kuzuia joto ndani ya ukuta lilikuwa limelowa, na povu lililolowa halizuii joto. Juu ya hayo, tundu la kutolea maji lilikuwa wazi hadi kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika. Hewa baridi ni nzito, ilimwagika humo usiku na mchana. Nilikuwa napoza ngama.

Wewe fanya hivi: weka barafu kilo 10 iliyokwisha kuanza kuyeyuka (iliyotoka sasa hivi kwenye friza itakudanganya). Funga. Baada ya saa 24 mwaga maji, pima iliyobaki. Kila kilo iliyoyeyuka imemeza joto la kama Wh (wati-saa) 93. Zikiyeyuka 5, hiyo ni Wh 465 kwa siku. Kompresa nzuri hula umeme pungufu ya hapo, lakini mimi huhesabu sawa kwa sawa ili nisijidanganye: kwa volti 12 ni karibu Ah (ampea-saa, kipimo cha betri) 39. Na bado hujafungua mfuniko wala kutia chakula.

ONYO: Kwenye maji ya joto, povu liwe sentimita 10 kila upande, la aina isiyonyonya maji.
ONYO: Bomba la tundu lipinde kama la sinki libaki na maji ndani, au tia kizibo.
ONYO: Bana karatasi kwenye raba ya mfuniko. Ikivutika kirahisi, raba imekwisha.

Hatua ya 3. Umeme. Betri za asidi usitumie zaidi ya nusu ya uwezo wake. Paneli ya W 100 siku ya jua hutoa kama Ah 25 hadi 30, ila kivuli cha mlingoti kikiigusa tu, inaanguka vibaya.

Hatua ya 4. Sasa mashine. Wengi itawafaa kompresa ya volti 12 inayopozwa kwa hewa, kama Danfoss BD35, ambayo siku hizi hutoka kwa jina la Secop. Ya kupozwa kwa maji ya bahari hula umeme pungufu kidogo, lakini unajiongezea pampu na mabomba yanayoziba. Inayozungushwa na injini ni ya anayewasha injini kila siku. Visanduku vya bei nafuu visivyo na kompresa hula umeme mfululizo na havipozi sana. Friji ya gesi inataka kukaa sawa, na boti yenye tanga hulala upande. Tena gesi ikivuja inashuka ngamani na kukusubiri.

Hatua ya 5. Waya mnene, fyuzi karibu na betri.

Hatua ya 6. Kompresa ipate hewa. Usiifungie kabatini.

MASWALI

Futi27: Mkuu, boti yangu futi 27, friji gani nzuri?
– Hatua ya 2.

Futi27: Nimeiona, ila sina muda wa kupima barafu. Nitajie tu jina.
– Ni saa 24, na nyingi utakuwa umelala. Nilipoipuuza mimi nilipoteza betri mbili. Pima, urudi na namba.

Goshini: Yangu haiwaki. Taa ndogo kwenye kompresa inapepesa mara moja, inanyamaza, inarudia. Betri inasoma 12.4.
– Swali zuri, na asante kwa kuleta namba. Pepeso moja ni kulalamikia volti ndogo. Pima kwenye kompresa yenyewe wakati inajaribu kuwaka, siyo kwenye betri. Ikipungua zaidi ya nusu volti, waya ni mwembamba au kuna kiungo kimeota kutu ya kijani.
Goshini: Umepiga penyewe! Kishikio cha fyuzi, kijani kitupu.

Demani: Naona unazungumzia mfuniko wa juu tu, siyo mlango wa mbele. Kwa nini? Kuinama mpaka chini kutafuta siagi ni adhabu.
– Dada, adhabu kweli. Lakini ukifungua mlango wa mbele baridi inakumwagikia miguuni, na boti ikilala upande na mayai yanafuata. Tandika taulo nene juu ya vyakula, chini ya mfuniko. Baridi haisumbuki sana unapofungua.
Demani: Mimi nafasi tupu naijaza chupa za maji. Mchana jua likiwa kali naongeza baridi, usiku kompresa inapumzika.
– Hiyo naichukua. Ila zikikaa karibu na bamba la kupoza zitaganda, usizijaze mpaka shingoni. Moja iliwahi kunipasukia juu ya mkate.