Ulizeni kabla uchungu haujaanza

Wazazi mnaotarajia mtoto, msisubiri siku ya uchungu ndipo muanze kutafuta wodi ya wazazi iko upande gani. Nendeni mapema, muulize nani anaruhusiwa kuingia na mama chumba cha kujifungulia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, na kwangu hilo lina uzito kuliko begi lililojaa nguo za mtoto. Msindikizaji ajue historia ya ujauzito na kadi ya kliniki ilipo, maana mama aliyebanwa na uchungu hawezi kujibu kila swali.

Damu ikitoka, chupa ikipasuka, mtoto akipunguza kucheza, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, ondokeni papo hapo, hata kama ni usiku wa manane na uchungu haujaanza.

Mwambieni mkunga mapema kwamba mngependa mtoto alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, na anyonye ndani ya saa 1. Kama wote wawili wako salama, kitovu kinaweza kusubiri angalau dakika 1 kabla ya kubanwa na kukatwa. Damu inayoendelea kumfikia mtoto kupitia kitovu humwongezea madini ya chuma.

Msikimbilie kurudi nyumbani. Saa 24 za kwanza ndizo hatari zaidi kwa kutokwa damu nyingi. Mama akiona pedi inalowa haraka haraka, amwite muuguzi bila kuona haya.