Somo: Kuandika hadithi ya upelelezi ya sikukuu mjini Lamu, mpelelezi akiwa mfuasi wa Wicca

Somo hili ni la anayetaka kuandika hadithi ya maneno kama 8,000, ya aina ile ambayo damu haimwagiki mbele ya msomaji, mpelelezi si askari, na mkosaji ni mtu aliyekunywa kahawa na wenzake barazani jana yake tu. Mpelelezi wetu ni mwanamke Mwingereza anayefuata dini ya Wicca, aliyepanga nyumba Mkomani, mtaa wa kale wa mjini Lamu, mwezi wa Desemba.

Wengi wakilishika wazo hili huliharibu mwanzoni kabisa: humpa mpelelezi uwezo wa kuona yaliyofichika. Msomaji wa upelelezi hakubali hilo. Anataka dalili zote ziwe zimepita mbele ya macho yake. Basi mpe mpelelezi jambo moja tu analolijua kuliko polisi, nalo ni mwezi. Mfuasi wa Wicca huuhesabu kwa sababu ya ibada za mwezi mpevu. Nahodha wa Lamu huuhesabu kwa sababu ya maji. Jirani Mwislamu huuhesabu kwa sababu ya Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Hadithi nzima isimame pale hesabu hizo tatu zinapokutana.

Hatua ya 1: Ijue Wicca kabla ya kuandika neno la kwanza

Ni dini changa. Gerald Gardner aliitangaza hadharani Uingereza miaka ya 1950, baada ya sheria ya zamani ya huko kuhusu uchawi kufutwa mwaka 1951. Wafuasi wengi huabudu mungu wa kike na mungu wa kiume, wana sikukuu nane kwa mwaka zinazofuata mwendo wa jua, na hufanya ibada mwezi ukiwa mpevu, kwa kikundi au mtu peke yake. Shetani hayumo katika itikadi yao. Kisu chao cha ibada, athame, kwa desturi kina mpini mweusi na hakikatii kitu. Ukimwandika mpelelezi anamenyea embe kwa kisu hicho, umeshakosea. Kanuni yao kubwa ni kwamba mtu afanye atakalo mradi asimdhuru mwingine.

Neno la kuchunga ni "mchawi". Kwa pwani yetu mchawi ni mtu anayedhuru, na Kenya ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya tangu 1925. Msimulizi asimwite mpelelezi hivyo hata mara moja. Wahusika wanaweza kulitamka, maana watu husema, lakini likishatamkwa mtaani mambo lazima yawe mazito: mwenye nyumba aanze kutafuta namna ya kumtoa, watoto wazuiwe kupita mlangoni kwake. "Mganga" nalo halifai, kwa sababu mganga huendewa na wagonjwa na hulipwa. Mwite kwa jina lake, na mtaani wamwite "yule Mzungu wa nyumba ya wikio", yaani nyumba yenye chumba kinachovuka juu ya njia. Inatosha.

Hatua ya 2: Panga tarehe kwa kalenda ya kweli

Hapa usikisie. Chukua Desemba 2026, maana imejipanga vizuri kwa kazi hii.

Jumatatu tarehe 21 ni Yule, sikukuu ya usiku mrefu kuliko yote kwa watu wa kaskazini ya dunia. Lakini Lamu iko nyuzi kama mbili kusini ya ikweta. Siku hiyo jua la Lamu huchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi na kutua saa kumi na mbili na dakika kama ishirini jioni. Mchana ndio mrefu kuliko usiku. Ukiandika "usiku mrefu ukaushukia mji wa Lamu" msomaji wa hapa atakifunga kitabu. Wafuasi wa Wicca walio kusini ya ikweta wengi huigeuza kalenda yao, Desemba wakasherehekea Litha, sikukuu ya kiangazi. Itumie tofauti hiyo. Mpelelezi awashe mshumaa wa Yule huku jasho likimtoka, aone jua la hapa halimfuati, ndipo ashikamane na mwezi ambao ni ule ule kila mahali.

Mwezi unakamilika alfajiri ya Alhamisi tarehe 24, katikati ya Rajabu 1448. Krismasi inaangukia Ijumaa, kwa hiyo mchana ule wageni wa Shela, kijiji cha kitalii kisiwani Lamu, wako mezani na mji umo msikitini. Mwaka mpya nao ni Ijumaa: mashindano ya majahazi ya Januari mosi yaandike ukikumbuka saa ya swala.

Sasa maji, na hapa usiharakishe. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alasiri na alfajiri, na hutoka hadi mwisho kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Baada ya wiki moja yanakuwa maji mafu, kujaa na kupwa vikakaribiana, na saa zimegeuka: yanajaa kama saa nne. Usiku wa Jumatano tarehe 23 kuamkia Alhamisi, basi, saa nne usiku ufuko umekauka. Andika hilo kwenye karatasi ulibandike ukutani unapofanyia kazi.

Hatua ya 3: Nyumba

Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa ajili ya hadithi za siri. Chora ramani yake kabla ya kuandika: daka (kibaraza cha mlangoni), tekani (kipito cha kuingilia), kiwanda (ua ulio wazi juu), msana wa kwanza na msana wa pili (vyumba virefu vya kukaa), halafu ndani (chumba cha faragha). Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki upana wa mita tatu hivi. Kwa hiyo usiandike "ukumbi mkubwa" ambamo watu ishirini wamekaa duara. Ukutani kuna zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu. Kitu kikikaa ndani ya kidaka kwa miaka huacha alama ya vumbi yenye umbo lake. Hiyo ni dalili ya bure, ichukue.

Wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, kinamwezesha mwanamke kutoka nyumba hii hadi ile bila kuonekana njiani. Shahidi aliyekaa barazani akasema "hakuna aliyetoka" anasema kweli, na mtu ametoka. Sabule, chumba cha mgeni chenye ngazi yake, kinafanya hivyo hivyo kwa mgeni wa kiume.

Hatua ya 4: Kosa, na uongo mmoja

Mauaji si lazima. Wizi wa kitu chenye heshima unafaa zaidi mji mdogo, kwa sababu majirani wote wameumia. Chagua msahafu ulioandikwa kwa mkono kutoka Siyu, mji uliosifika kwa waandishi wa misahafu. Motisha inajitengeneza yenyewe: Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali, mnunuzi wa nje yupo, na ndege yake inaondoka uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha ng'ambo ya mji, asubuhi ya Alhamisi.

Mkosaji ni mpwa wa mwenye nyumba. Anasema: "Usiku wa Jumatano saa nne nilikuwa Mkandani, tunatoka Siyu, mashua imepakia. Tuliingia Lamu saa tano." Maneno matulivu, yana mashahidi wawili wa kununuliwa. Lakini Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki kwa chombo kilichopakia maji yakiwa yametoka. Vyombo vya Pate, Siyu na Faza hungojea maji. Saa nne ya usiku wa bamvua haikupita mashua iliyopakia pale.

Uongo uwe mmoja tu. Waandishi wapya humpa mkosaji uongo mitano na msomaji anachoka kuufuata.

Hatua ya 5: Kupanda dalili

Dalili ya maji ipande mara tatu, na zote zitangulie uongo wenyewe.

Mara ya kwanza, ndani ya maneno 1,000 ya mwanzo, nahodha anawahimiza abiria: "Haya, tuuwahi Mkanda, mai yasitoke." Msomaji aione kama rangi ya mahali tu. Mara ya pili, Jumatano saa kumi alasiri, watoto wanaruka kutoka ukutani mwa bandari kwa sababu maji yamejaa hadi kwenye ngazi. Mara ya tatu ndiyo yenye thamani. Jumatano saa nne usiku mpelelezi yuko darini na ibada yake ya mwezi mpevu, anatazama chini, na madau yamelala ubavu kwenye tope. Usieleze chochote. Sentensi moja, kisha arudi kwenye mshumaa wake. Ibada ambayo mtaa unaishuku ndiyo inayomfanya awe shahidi.

Dalili za kupoteza ziwe mbili. Mfano ni udi: chetezo kimefukizwa nyumbani saa isiyo ya kawaida, kila mtu anadhani kuna harufu inayofichwa, kumbe kuna bibi harusi mtarajiwa. Washukiwa wasizidi watano, na mpwa aonekane kabla ya maneno 2,000. Akitokea baadaye, msomaji atasema umemdanganya, na atakuwa na haki.

Hatua ya 6: Kufumbua

Mpelelezi asikusanye watu na kuhutubia. Mgeni, tena mwanamke, hatamhoji nahodha barazani. Mpe mwenzake, jirani mtu mzima, Bi fulani mwenye dini yake thabiti, ambaye hakubaliani kabisa na mishumaa yake lakini anajua madau yakilala ubavu maana yake nini. Bi ndiye amwite mzee wa mtaa, na mzee amuulize nahodha swali moja: "Jumatano usiku mai yalitoka saa ngapi?" Maneno 500 yanatosha kuanzia hapo hadi msahafu urudi kidakani.

Kiamu, lahaja ya Lamu, kitumie kwenye vinywa vya wahusika tu, na kidogo: "ndia" (njia), "mato" (macho), "yuu" (juu). Ukikijaza kila sentensi bila kuzaliwa nacho, utakosea.

Maswali ya wanaofuata somo hili

*Msomaji wa Langoni:* Ahsante mwalimu. Mpwa si angeweza kusema walipitia nje, mashariki ya Manda, badala ya Mkanda?

*Jibu:* Swali zuri ndugu yangu, na msomaji wa Lamu ataliuliza. Funga mlango huo mapema. Desemba kaskazi inavuma na bahari ya nje ina mawimbi. Mashua iliyopakia ikipita huko usiku itaingilia upande wa Shela, na Shela wiki ya Krismasi imejaa watu hadi usiku. Weka mtu mmoja wa Shela aliyekesha ufukweni chini ya mbalamwezi asione chombo. Vilevile usimpe mtumbwi mdogo mtupu, maana huo unaweza kusukumwa kwa pondo mahali ambapo mashua imekwama. Ndiyo sababu shehena imetajwa ndani ya uongo wake.

*Binti wa Pate:* Mimi ni Mwislamu na wasomaji wangu ni Waislamu. Sitaki ionekane ninaipigia debe ibada ya mwezi.

*Jibu:* Dada, usiisimulie ibada yenyewe. Mshumaa, dari, mwezi, basi. Maneno yake ya ibada usiyaandike. Na Bi aseme wazi anachokiamini, bila kukejeliwa na hadithi wala yeye kumkejeli mgeni. Wanachoshirikiana ni hesabu ya siku za mwezi. Yeye anajua ni usiku wa kumi na nne kwa sababu ya Rajabu, mgeni anajua kwa sababu zake. Urafiki wao ukiutengeneza hapo hautalazimika kumgeuza yeyote.

*Mvuvi wa Ngomeni:* Nikichagua mwaka mwingine nitapataje saa za maji?

*Jibu:* Tafuta jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya la mwaka huo. Kwa makadirio tumia tarehe ya Kiislamu: siku ya 1 hadi 3 na ya 15 hadi 17 ya mwezi ni bamvua, siku ya 8 au 9 na ya 22 au 23 ni maji mafu. Angalia pia mwanga. Tarehe 27 Desemba 2026, kwa mfano, mwezi hauchomozi kabla ya saa tatu usiku, hivyo shahidi anayedai alimtambua mtu kwa mbalamwezi saa mbili anasema uongo. Una hadithi ya pili hapo.

*Mkaazi wa Malindi:* Naweza kuihamishia Malindi? Wazungu wa kuishi tunao wengi.

*Jibu:* Unaweza, lakini Mkanda huna, kwa hiyo dalili ya maji lazima ibadilike. Tumia mto Sabaki: mvua ikinyesha bara, mto huleta tope na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Mtu aliyedai kuogelea maji mangavu siku hiyo, nguo yake nyeupe imekauka na rangi ya kahawia. Magari na tuktuk zipo, kwa hiyo hesabu zako za nani alifika wapi saa ngapi zitakuwa ngumu kuliko za Lamu, ambako watu ni wa miguu na punda.

Jambo moja zaidi, na hili lishike. Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kuna shamba la kurithi, na Kaya Godoma imekuwa kimbilio la waliofukuzwa makwao. Ukiiweka hadithi Malindi, tuhuma ya uchawi isiwe ya kuchekesha hata kwa mstari mmoja. Mzee mwenye mvi akitajwa kwa jina hilo kwenye ukurasa wako, mpe nyumba salama ya kulala usiku huo kabla hujaifunga sura.